Vimeng'enya vya macho: fahamu kila kimoja kinakaa wapi, na kwa nini mkulima wa korosho anapaswa kujua

Nakapanya, mkoani Ruvuma, msimu wa mikorosho kuchanua ni msimu wa macho mekundu. Salfa ya unga inapulizwa dhidi ya ubwiriunga, upepo unageuka, na mpulizaji anarudi nyumbani machozi yanamtoka. Kesho yake amepona, kesho kutwa anapuliza tena. Watu wamezoea.

Lakini sio kila dawa ya shambani inalifanyia jicho kitu kilekile. Salfa inawasha juu juu. Dawa nyingine inapenya mpaka ndani na kusimamisha kazi ya kitu kidogo sana kiitwacho kimeng'enya. Tofauti ya hizo mbili inaweza kuwa tofauti ya kunawa uso na kukimbizwa hospitali.

Ili kuielewa tofauti hiyo ni lazima kujua jicho lina vimeng'enya gani, na kila kimoja kinakaa sehemu gani.

Kimeng'enya ni nini?

Kimeng'enya, au enzaimu kama wengi walivyozoea kusikia shuleni, ni protini inayoharakisha kazi ya kikemikali mwilini. Yenyewe haiishi kwenye kazi hiyo. Inashika kitu, inakibadilisha, inakiachia, inashika kingine.

Wengi wanavijua vimeng'enya vya mate na tumbo vinavyosaga chakula. Kumbe jicho nalo limejaa vimeng'enya, ila havikuchanganywa ovyo kama uji. Kila tabaka la jicho lina vya kwake. Kilichopo kwenye machozi sio kilichopo kwenye lenzi, na kilichopo nyuma ya retina hakiwezi kufanya kazi ya kile cha mbele.

Vinatafutwaje?

Kimeng'enya hakionekani kwa macho, na hata kwa darubini ya kawaida hakionekani. Wanasayansi wanakitafuta kwa kukitega.

Njia ya kwanza ni kukilisha. Kipande cha tishu ya jicho kinagandishwa, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kisha kinawekwa kwenye kemikali ambayo kimeng'enya hicho hupenda kuishughulikia. Kikifanya kazi yake, kinachotoka kinashikwa papo hapo na kugeuzwa rangi. Penye rangi ndipo kilipo.

Mwaka 1949 George Koelle na Jonas Friedenwald wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitangaza njia ya aina hiyo ya kutafuta kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi. Walitumia chumvi ya shaba kuacha alama ya kahawia mahali kimeng'enya kilipofanya kazi. Friedenwald alikuwa daktari wa macho.

Njia ya pili ni kutumia kingamwili, yaani protini inayomjua adui mmoja tu na kumng'ang'ania. Kingamwili inatengenezwa ili ikishike kimeng'enya kimoja, kisha inavalishwa rangi inayong'aa. Albert Coons na wenzake walionyesha mwaka 1941 kwamba kingamwili inaweza kuvalishwa rangi ya namna hiyo bila kupoteza uwezo wake wa kushika.

Kila njia ina mtego wake. Ya kwanza inahitaji kimeng'enya kiwe bado kizima, maana joto au dawa ya kuhifadhia tishu vinaweza kukiua, na kipande kikaonekana kama hakina kitu. Ya pili inaonyesha kwamba kimeng'enya kipo, lakini haithibitishi kwamba kinafanya kazi. Ndiyo maana watafiti makini hutumia njia zote mbili.

Kwenye machozi: mlinzi wa mlangoni

Kimeng'enya kinachojulikana zaidi cha jicho ni lisozimu. Kinatoka kwenye tezi ya machozi, iliyo juu ya jicho upande wa nje, na kinasambazwa kila mtu anapopepesa.

Alexander Fleming, yuleyule aliyegundua penisilini mwaka 1928, alikuwa ameshaitangaza lisozimu mwaka 1922. Alianza kuiona kwenye kamasi zake mwenyewe alipokuwa na mafua, kisha akaikuta kwenye machozi na kwenye ute mweupe wa yai. Ili apate machozi ya kutosha aliwakamulia watu limau machoni.

Lisozimu inakata ukuta wa bakteria mpaka anapasuka. Jicho linakaa wazi kutwa nzima kwenye vumbi la barabara na moshi wa kuni, na bado kwa kawaida halioozi. Mlinzi huyu ni sababu mojawapo.

Lakini anaishia mlangoni. Bakteria wa trakoma, ugonjwa ambao watu wengi huuita vikope, hujificha ndani ya seli za upande wa ndani wa kope. Humo lisozimu haimfikii. Ndiyo maana trakoma haiponi kwa kutoa machozi mengi. Inahitaji antibiotiki, kunawa uso, vyoo, na kwa waliochelewa, upasuaji wa kope.

Kwenye konea: fundi anayeweza kubomoa nyumba

Konea ni kioo cha mbele cha jicho. Katikati yake unene ni kama nusu milimita. Imejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizopangwa kwa ustadi hadi mwanga unapita bila kuzuiwa.

Konea nzima ina vimeng'enya vichache sana vya kukata nyuzi hizo. Ikichubuka, mambo yanabadilika. Seli za pembeni ya kidonda zinatoa kolajenasi, kimeng'enya cha kukata kolajeni, ili kusafisha palipoharibika. Seli nyeupe za damu zinakuja na vyao. Bakteria akiwepo, naye analeta vyake.

Kazi ikienda kwa kiasi, kidonda kinafunga na kuacha kovu dogo. Ikizidi, konea inayeyuka. Kwa baadhi ya bakteria wakali inaweza kutoboka ndani ya siku chache tu.

Hapa ndipo dawa za kukamulia jichoni zinapoleta balaa. Utafiti wa David Yorston na Allen Foster, uliochapishwa mwaka 1994 kutoka Tanzania, ulihusisha dawa za kienyeji za macho na vidonda vya konea. Maji ya majani, mkojo au unga wa mizizi huweza kuichubua konea na kuingiza vijidudu kwa mpigo mmoja. Hapo moto wa kolajenasi unakuwa umeshawashwa.

Matone ya dukani nayo sio salama kwa kuwa tu yako kwenye chupa. Yale yenye steroidi yanaondoa wekundu haraka, mtu akadhani amepona, kumbe kinga ya jicho imelazwa usingizi na kidonda kinaendelea kuchimba. Yakitumiwa kwa muda mrefu yanaweza pia kupandisha presha ya jicho.

Nyuma ya irisi: kiwanda cha maji

Ndani ya jicho, nyuma ya irisi, ambayo ni lile duara lenye rangi linaloizunguka mboni, kuna tishu yenye mikunjo inayoitwa mwili wa siliari. Hii ndiyo inayotengeneza maji ya ndani ya jicho. Maji hayo yanalilisha jicho na kulipa umbo, kisha yanatoka kwa njia yake kwenye pembe ya mbele.

Yakishindwa kutoka vizuri, presha inapanda na mshipa wa fahamu wa jicho unakufa polepole. Huo ndio ugonjwa wa glakoma, au presha ya macho. Aina yake ya kawaida haiumi. Mtu anapoteza pembe za uoni kidogo kidogo, na anapogundua, kilichopotea hakirudi.

Sio ugonjwa wa mbali. Uchunguzi uliofanyika vijijini wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Takribani 4 kati ya kila 100 walikuwa na glakoma.

Kwenye mwili wa siliari kuna kimeng'enya kiitwacho anhidresi ya kaboniki. Kinachukua hewa ukaa na maji na kutengeneza bikaboneti, na bila hiyo kiwanda kinapunguza kasi. Mwaka 1954 Bernard Becker, daktari wa macho wa Marekani, alionyesha kwamba dawa ya asetazolamidi, inayozuia kimeng'enya hicho, inashusha presha ya jicho.

Tatizo lilikuwa mahali. Kimeng'enya hichohicho kipo pia kwenye figo, kwenye seli nyekundu za damu na hata kwenye ulimi. Anayemeza vidonge vya asetazolamidi anakojoa mara kwa mara, vidole vinamsisimka kama vimepigwa ganzi, na soda inamkaa mdomoni kama imetoka gesi. Dawa imefika jichoni, lakini imefika na kwingine kote.

Kwa kuwa ilishajulikana kimeng'enya kiko wapi ndani ya jicho, watafiti walihangaika kwa miaka mingi kutengeneza dawa inayoweza kupenya konea na kukifikia moja kwa moja. Katikati ya miaka ya 1990 yakaingia sokoni matone ya dorzolamidi. Kimeng'enya ni kilekile, ila sasa dawa inaelekezwa mahali pake, na madhara kwenye viungo vingine yamepungua sana.

Kwenye lenzi: sukari isiyopata pa kutokea

Lenzi haina mishipa ya damu. Inachukua sukari kutoka kwenye maji yanayoizunguka. Ndani yake, hasa kwenye tabaka la seli lililo mbele, kuna kimeng'enya kiitwacho aldosi ridaktasi.

Mwenye kisukari kisichodhibitiwa ana sukari nyingi kwenye maji hayo. Aldosi ridaktasi inaigeuza kuwa sorbitoli, na sorbitoli ni mgeni asiyejua mlango wa kutokea. Inabaki ndani na kuvuta maji. Ruth van Heyningen wa Oxford, Uingereza, ndiye aliyeionyesha sorbitoli ikilundikana kwenye lenzi za panya wenye kisukari mwaka 1959.

Dawa za kukizuia kimeng'enya hiki zilifanya vizuri kwa panya. Kwa binadamu mambo sio rahisi hivyo, na mpaka leo mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji wa kutoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia. Hakuna matone wala kidonge cha kuuondoa, na anayeviuza anauza maneno.

Alama moja ni ya kuzingatia: mtu ambaye uoni wake unabadilika wiki hii na wiki ijayo, mara anaona mbali vizuri, mara hapana, apime sukari kabla ya kununua miwani.

Nyuma ya retina: karakana ya vitamini A

Retina ndiyo inayopokea picha. Nyuma yake kuna tabaka moja la seli zenye rangi nyeusi nyeusi, na humo kuna kimeng'enya kinachoitwa RPE65. Kazi yake ni kuirudisha vitamini A iliyotumika kwenye umbo linaloweza kutumika tena kupokea mwanga. Kila mwanga unapogonga retina, kazi hiyo inahitajika.

George Wald alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa kazi iliyohusu namna vitamini A inavyohusika na kuona. Kazi halisi ya RPE65 ilithibitishwa mwaka 2005. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kupeleka jeni nzuri ya RPE65 chini ya retina kwa watu waliozaliwa na jeni mbovu. Nayo inadungwa hapohapo, maana ndipo kimeng'enya kinapotakiwa kuwa.

Kwa watoto wengi wa Afrika Mashariki shida ni nyingine: kimeng'enya kipo na ni kizima, ila malighafi haipo. Mtoto asiye na vitamini A ya kutosha anaanza kwa kutoona jioni. Hali ikiendelea, konea inakauka, na akipata surua inaweza kuyeyuka. Foster na Alfred Sommer waliandika mwaka 1987 juu ya uhusiano wa surua, vidonda vya konea na upofu wa watoto Tanzania.

Ndiyo sababu ya matone ya vitamini A yanayotolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na chanjo ya surua. Nyumbani, maembe, mapapai, viazi lishe, matembele, kisamvu, mayai na maini vinasaidia. Mboga zikipikwa na mafuta au karanga, vitamini hiyo inafyonzwa vizuri zaidi.

Kwenye irisi: hapa ndipo viuatilifu vinapogusa

Sasa turudi shambani. Mboni inafunguka na kufunga kwa misuli midogo iliyo ndani ya irisi. Neva inatoa ujumbe wa kikemikali, msuli unakaza, mboni inakuwa ndogo. Kisha kolinesterasi, kile kimeng'enya cha Koelle na Friedenwald, inaufuta ujumbe ule na msuli unalegea.

Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho haigusi mfumo huu. Inawasha konea na kope, macho yanakuwa mekundu, na ukinawa kwa maji mengi nafuu inakuja.

Lakini viuatilifu vya kundi la oganofosfeti vinafunga kolinesterasi. Vimo kwenye baadhi ya dawa za kuua wadudu wa mimea, na pia kwenye baadhi ya dawa za unga za kuhifadhia mahindi, kwa mfano zile zenye pirimifosi-methili. Ujumbe haufutwi, msuli unabaki umekaza, na mboni inakuwa ndogo kama tundu la sindano. Mtu anaona giza giza, paji la uso linauma.

Tone likiruka kwenye jicho moja, mboni ya jicho hilo tu inaweza kufinyika. Mboni zote mbili zikifinyika, na mtu anatoka jasho, mate yanamjaa, anatapika au anapumua kwa shida, maana yake sumu imeshaingia mwilini. Kolinesterasi ipo pia kwenye neva zinazoendesha mapafu, utumbo na misuli, na huko ndiko kifo kinakotokea. Jicho limetoa taarifa mapema tu.

Hiyo ni dharura. Wahudumu wa afya wana dawa ya atropini inayozuia ule ujumbe usiendelee kuukaza msuli. Mgonjwa apelekwe haraka kituo cha afya kilicho karibu, na kama hali inahitaji, apewe rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa Songea. Maziwa hayaifuti sumu hii.

Na kimeng'enya kinachokuja na nyoka

Kusini mwa Tanzania yupo swila, nyoka anayetema sumu kwa kulenga macho. Sumu yake ina kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi, pamoja na protini nyingine zinazochoma seli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kwa nyoka hawa wanaotema, fosfolipasi inaongeza ukali wa zile protini nyingine, na maumivu yanakuwa makubwa zaidi.

Sumu ikiwa juu ya konea, dakika za mwanzo ndizo muhimu. Maji safi mengi, mara moja, bila kusugua. Kisha hospitali, maana konea inaweza kuwa imechubuka, na konea iliyochubuka inaita kolajenasi.

Mambo ya kushika

- Kabla ya kupuliza, soma kibandiko. Ukikuta onyo kwamba dawa inazuia kolinesterasi, hiyo sio ya kuchezea.
- Vaa miwani ya kuziba pembeni na kaa upande upepo unakotokea.
- Dawa ikiingia jichoni, nawa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Vua nguo zilizolowa.
- Ukienda hospitali, nenda na chupa au pakiti yenye kibandiko. Mhudumu akijua ni kundi gani la dawa, anajua kimeng'enya gani kimeguswa.
- Mtazame mwenzako mboni kwenye kivuli. Ikiwa ndogo kama tundu la sindano wakati mwanga ni hafifu, msisubiri kesho.
- Usikamulie jichoni majani, mkojo wala matone uliyoazima kwa jirani.
- Ukishafika miaka 40, pima presha ya macho hata kama unaona vizuri, hasa kama kuna ndugu wa damu aliyepofuka.

Viuatilifu nchini vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Naliendele, mkoani Mtwara, ndiyo yenye utaalamu wa korosho. Bwana shamba wa kata ndiye wa kuulizwa kwanza kuhusu dawa ipi ni ya ubwiriunga na ipi ni ya mbu wa mikorosho. Mkulima akiuliza, aongeze swali moja: "Hii ikiniingia machoni, inaishia juu au inapita ndani?"